Kiwambo kikuukuu cha mtaalamu bado chaweza kufaa, lakini kwa masharti

MARA nyingi kiwambo cha tarakilishi hutupwa si kwa kuwa kimeharibika, bali kwa kuwa plagi yake haiingii popote. Hayo ndiyo yaliyovikumba viwambo vingi vilivyoundwa kati ya mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 2000 kwa ajili ya tarakilishi za kitaalamu, yaani mitambo ya bei ghali iliyotumiwa na wahandisi, wachoraji wa ramani, watafiti wa vyuo vikuu na watengenezaji wa filamu.

Mitambo hiyo ilitoka kwa kampuni kama vile Sun Microsystems, Silicon Graphics, Hewlett-Packard, IBM, Digital Equipment na NeXT, na ilifanya mambo makubwa. Tim Berners-Lee alitumia tarakilishi ya NeXT kuunda mtandao wa WWW katika kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi, mwaka wa 1990. Nao dinosaria wa filamu ya Jurassic Park, iliyotoka mwaka wa 1993, walichorwa kwa mitambo ya Silicon Graphics.

Leo nyingi ya kampuni hizo hazipo. NeXT ilinunuliwa na Apple mwaka wa 1997, Digital ikachukuliwa na Compaq mwaka wa 1998, Silicon Graphics ikauza mali yake mwaka wa 2009 baada ya kufilisika, nayo Sun ikamezwa na Oracle mwaka wa 2010. Viwambo vyao, hata hivyo, vingali vipo katika maghala, maabara na vibanda vya wauzaji wa vifaa kuukuu.

Wanaovitafuta nao hawajaisha. Wapo wapenzi wa michezo ya zamani ya tarakilishi, ambao husema kuwa picha za michezo hiyo hazipendezi kwenye vioo bapa vya kisasa. Wapo wahifadhi wa historia ya teknolojia. Na wapo watu wa kawaida walioletewa kiwambo kikubwa cha bure, wakakosa mahali pa kukichomeka. Kwa hawa wote swali ni moja: je, chombo hiki kinaweza kuunganishwa na tarakilishi nyingine, au ni mzigo tu?

Jibu ni kwamba vingi vinaweza, mradi vizingiti vitatu vivukwe. Cha kwanza ni umbo la plagi. Cha pili ni namna kiwambo kinavyopokea ishara za kupanga picha. Cha tatu, ambacho ndicho kigumu kuliko vyote, ni kasi ya kuchora picha. Anayevuka kimoja na kusahau vingine huishia na kiwambo cheusi au, vibaya zaidi, kiwambo kilichoungua.

Ubora uliofichika

Kabla ya kueleza vizingiti hivyo, yafaa kufahamu kwa nini mtu ajisumbue. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mtumiaji wa kawaida wa tarakilishi alikuwa na kiwambo cha inchi 14 kilichoonyesha vitone 640 kwa upana na 480 kwa urefu. Wakati huo huo, mhandisi aliyeketi mbele ya mtambo wa Sun alikuwa na kioo cha inchi 19 au 20, chenye vitone 1152 kwa 900. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya vitone vya mwenzake.

Aidha, neli za vioo vya viwambo vingi vya aina hiyo zilitengenezwa na Sony kwa teknolojia ya Trinitron, iliyozinduliwa mwaka wa 1968 kwa ajili ya runinga za rangi. Picha zake zilisifiwa kwa ung'avu na rangi zilizokolea. Kilele chake kilikuwa kiwambo cha Sony cha GDM-FW900, chenye neli pana ya inchi 24 na uzito wa takriban kilo 42, ambacho kiliweza kuonyesha vitone 2304 kwa 1440. Wapenzi wa vioo vya neli hukitafuta kwa udi na uvumba hadi leo.

Anayekutana na Trinitron kwa mara ya kwanza huenda akashtuka kuona mstari mwembamba wa kivuli, au miwili, ukikatiza kioo kutoka kushoto hadi kulia. Huo si ubovu. Ni kivuli cha waya mwembamba unaozuia wavu wa ndani usitetemeke, na kila neli ya aina hiyo iliundwa hivyo. Viwambo vizima vimewahi kukataliwa na wanunuzi kwa kutojua jambo hili dogo.

Kizingiti cha kwanza: Plagi

Tarakilishi za kawaida zilifuata mtindo wa VGA, uliozinduliwa na IBM mwaka wa 1987. Plagi yake ina pini 15 zilizopangwa katika safu tatu. Sun, Silicon Graphics na baadhi ya wenzao walipendelea plagi iitwayo 13W3, ambayo ni pana zaidi. Ina viunganishi vitatu vikubwa vya duara, pamoja na pini 10 ndogo. Kila kiunganishi kikubwa huhudumia kebo kamili ya koaksi, mfano wa ile inayoshuka kutoka kwenye antena ya runinga. Moja hubeba rangi nyekundu, ya pili kijani na ya tatu samawati.

Waundaji walikuwa na sababu. Kiwambo cha Sun cha vitone 1152 kwa 900, kinachochora picha nzima mara 66 kwa sekunde, hupokea takriban vitone milioni 93 kila sekunde. Kwa kasi hiyo, waya hafifu hutia picha vivuli na kufifisha kingo za herufi. Kebo ya koaksi hulinda ishara mpaka mwisho wa safari.

Viwambo vingine havina 13W3 bali vina soketi za BNC mgongoni, zile za duara ambazo plagi zake hufungwa kwa kuzungushwa kidogo. Idadi ya soketi hizo hueleza mengi. Zikiwa tano, rangi tatu zina njia zao na ishara mbili za kupanga picha zina njia zake, kwa hivyo kebo ya VGA inayogawanyika katika plagi tano yatosha. Zikiwa nne, ishara hizo mbili zimeunganishwa kuwa moja. Zikiwa tatu, zimepakiwa juu ya rangi ya kijani.

Kebo na viungio vya kubadilisha 13W3 kuwa VGA vipo, lakini vina mitego miwili. Mtego wa kwanza ni kwamba kampuni zilikubaliana kuhusu umbo la plagi bila kukubaliana kuhusu kazi ya zile pini 10 ndogo. Kiungio kilichotengenezewa Sun huenda kisionyeshe chochote kwa Silicon Graphics, ingawa kinaingia bila taabu. Mtego wa pili ni mwelekeo. Kipo kiungio cha kuunganisha tarakilishi ya kawaida na kiwambo cha kitaalamu, na kipo kile cha kuunganisha mtambo wa kitaalamu na kiwambo cha kawaida. Hivi viwili havibadilishani kazi, na wanunuzi wengi hutambua hivyo baada ya pesa kutoka mfukoni.

Kizingiti cha pili: Usawazishaji

Ndani ya neli, mwale wa elektroni huchora picha mstari baada ya mstari, mfano wa mkulima apaliliaye shamba. Huanza juu kushoto, hukimbia hadi kulia, hurudi kushoto na kuanza mstari unaofuata. Ukifika chini, huruka tena hadi juu. Kiwambo hakiwezi kubahatisha nyakati za kurudi huko. Ni sharti tarakilishi ikiambie kwa ishara mbili za usawazishaji, moja ya kuanza mstari mpya na nyingine ya kuanza picha mpya.

Katika mtindo wa VGA, kila moja ya ishara hizo ina waya wake. Viwambo vya kitaalamu mara nyingi vilitaka vingine. Baadhi vilitaka ishara zote mbili zichanganywe katika waya mmoja. Vingine vilitaka mchanganyiko huo ubebwe na rangi ya kijani yenyewe. Ishara ya rangi ina nguvu ya volti 0.7 inapokuwa kileleni. Ile ya usawazishaji huongezwa chini yake kwa takriban volti 0.3, hivi kwamba waya wa kijani hubeba volti 1 kwa jumla.

Kiwambo kinachosubiri ishara katika rangi ya kijani hakitajali zile zinazoletwa na nyaya nyingine. Picha itateleza kama utepe usiosimama, au kioo kitabaki cheusi kabisa. Kinyume chake pia hutokea. Kiwambo kisichotarajia ishara ndani ya kijani kikipewa, huenda kikatia ukijani picha yote. Ukungu huo wa kijani, kwa hivyo, ni dalili inayomsaidia fundi kujua penye hitilafu.

Tiba zipo kadhaa. Ya kwanza ni kutumia kadi ya picha inayoweza kupakia ishara hizo juu ya kijani. Baadhi ya kadi za kampuni ya Matrox zilikuwa na uwezo huo, na katika mfumo wa Linux programu ya kuziendesha ilikuwa na chaguo mahsusi la kuuwasha. Ya pili ni kuunda saketi ndogo. Chipu ya aina ya 7486, ambayo ni ya kawaida na ya bei nafuu, hupokea ishara mbili za VGA na kutoa moja iliyochanganywa. Fundi mwenye uzoefu wa kulehemu anaweza kuikamilisha kwa alasiri moja. Kuipakia ishara hiyo juu ya kijani huhitaji saketi ya ziada, ndiposa wengi hununua kiungio kilichokwisha kuundwa.

Kabla ya hayo yote, ni busara kusoma kitabu cha maelezo ya kiwambo. Viwambo vingi vya baadaye vilipokea aina zote tatu za usawazishaji na kujichagulia vyenyewe, hivyo fundi huenda asihitaji kulehemu chochote.

Kizingiti cha tatu: Kasi

Plagi hubadilishwa kwa kebo na ishara hubadilishwa kwa saketi. Kasi haibadiliki kirahisi hivyo. Viwambo vya mwanzo vya kitaalamu viliundwa kwa kasi moja tu, kwa vile kila kimoja kiliuzwa pamoja na mtambo wake na muundaji hakutarajia kingewahi kuunganishwa na kingine.

Hesabu yake si ngumu. Picha ya Sun ina mistari 900 inayoonekana. Ukiongeza mistari michache isiyoonekana, ambayo ni muda wa mwale kurudi juu, unapata takriban 937. Ikichorwa mara 66 kwa sekunde, mwale huchora karibu mistari 61,800 kila sekunde. Mafundi huita kasi hiyo kilohezi 61.8. Aina nyingine ya kiwambo hicho ilichora picha mara 76 kwa sekunde, na kasi yake ikawa karibu kilohezi 71.7.

Linganisha na VGA ya kawaida. Picha yake ina mistari 480 inayoonekana na 45 isiyoonekana, jumla 525. Ikichorwa mara 60 kwa sekunde, ni mistari 31,500, yaani kilohezi 31.5. Hiyo ni nusu tu ya kasi ambayo kiwambo cha Sun kinaijua.

Hapa ndipo watu wengi hukwama. Tarakilishi za kawaida za miaka hiyo ziliandika maneno yake ya kwanza kwa kasi hiyo ya kilohezi 31.5 kila zilipowashwa, hata kama zingebadilika baadaye. Kiwambo cha kasi moja hakiwezi kuonyesha maneno hayo. Kikilazimishwa, kinaweza kutoa mlio mwembamba na kuchora mistari isiyoeleweka. Baadhi ya viwambo vya zamani havina kinga dhidi ya kasi ngeni, na sehemu inayouendesha mwale inaweza kuungua. Kanuni ya mafundi ni kuzima mara moja kiwambo kinachopiga mlio kama huo.

Wenye subira waligundua njia za kuzunguka tatizo hili. Wengine huweka kadi mbili za picha, moja ikiunganishwa na kiwambo kidogo cha kawaida kwa ajili ya kuwashia, na nyingine ikitumikia kile kikubwa baada ya mfumo kuamka. Wengine hukiacha kiwambo kikubwa kimezimwa hadi tarakilishi ifike kwenye ukurasa wa kuingilia, ikiwa tayari imepangiwa kasi inayofaa. Mfumo wa Linux umependwa sana kwa kazi hii, maana huruhusu mtumiaji kuandika mwenyewe idadi ya vitone, mistari na kasi anayoitaka. Katika Windows za miaka hiyo, programu iitwayo PowerStrip ilifanya kazi kama hiyo.

Si lazima vitone vilingane kabisa na vya mtambo wa awali. Kinacholindwa ni kasi ya mistari. Mathalan, picha ya vitone 1024 kwa 768 inayochorwa mara 75 kwa sekunde ina kasi ya kilohezi 60. Kwa kuisogeza kidogo inaweza kufikishwa kwenye 61.8, na kiwambo kikaipokea kama jamaa yake.

Aliyebahatika ni yule mwenye kiwambo cha kasi nyingi. NEC ilianza kuuza MultiSync yake mwaka wa 1985, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 viwambo vingi vya kitaalamu vilikuwa vimeiga uwezo huo. Hivi hujirekebisha vyenyewe ndani ya mipaka iliyoandikwa katika kitabu cha maelezo. Yafaa kutazama hasa mpaka wa chini. Ukianzia kilohezi 30 au 31, kiwambo kitaonyesha kila kitu tangu tarakilishi inapowashwa. Ukianzia juu ya hapo, maneno ya mwanzo hayataonekana.

Tarakilishi za leo

Tatizo jingine limezuka katika miaka ya karibuni. Mwaka wa 2010, Intel na AMD zilitangaza nia ya kuachana na VGA kufikia mwaka wa 2015. Kadi za picha za Nvidia za mfululizo wa GTX 10, zilizoanza kuuzwa mwaka wa 2016, ziliacha kabisa kutoa ishara za analogia. Tarakilishi nyingi mpya zina HDMI au DisplayPort pekee, ambazo ni za dijitali, ilhali kiwambo cha neli huelewa analogia tu.

Wakenya wanaikumbuka hali kama hii. Mwaka wa 2015, mitambo ya analogia ya runinga ilipozimwa nchini, waliokuwa na runinga kuukuu walilazimika kununua ving'amuzi. Tarakilishi nayo ina king'amuzi chake, ambacho ni kiungio kidogo cha kugeuza HDMI au DisplayPort kuwa VGA. Ni lazima kiwe na saketi ya kugeuza ishara ndani yake. Kebo tupu yenye plagi mbili tofauti haiwezi kazi hiyo.

Vigeuzi vingi vya bei nafuu hubeba picha ya vitone 1920 kwa 1080 mara 60 kwa sekunde, kiasi cha vitone milioni 148 kwa sekunde pamoja na visivyoonekana. Kiwambo cha Sun kinachotaka milioni 93 kinahudumiwa bila shida. Lakini kile cha GDM-FW900, kikiendeshwa kwa vitone 2304 kwa 1440 mara 80 kwa sekunde, huhitaji zaidi ya milioni 265. Kigeuzi dhaifu kitashindwa, na mwenye kiwambo ataambulia picha duni akadhani kioo kimechakaa.

Vilevile, tarakilishi za kisasa huuliza kiwambo kinaweza nini kabla ya kukitumia picha, utaratibu ulioanza mwaka wa 1994. Kiwambo kilichoundwa kabla ya hapo hakina jibu. Katika hali hiyo ni lazima mtumiaji aipangie tarakilishi kasi kwa mkono, la sivyo itachagua yenyewe, na chaguo lake huenda lisiwe salama.

Visivyokubali

Si kila kiwambo kinastahili juhudi hizi. Kile cha weusi na weupe cha NeXT, chenye inchi 17 na vitone 1120 kwa 832, kilitumia kebo moja ya pini 19 iliyobeba picha, sauti, mawasiliano ya kibodi na kipanya, na hata umeme wa kukiendesha. Bila tarakilishi yake, kiwambo hicho hakina pa kupata uhai. Kukitumia kwingine ni sawa na kukijenga upya.

Vioo bapa vya mwanzo navyo vina masharti yake. Silicon Graphics ilizindua kiwambo cha 1600SW mwaka wa 1998. Kilikuwa na inchi 17.3 na vitone 1600 kwa 1024, na umbo lake bado huvutia macho. Hata hivyo, kilitumia njia ya dijitali ambayo haikuenea, na kwenye tarakilishi za kawaida kilihitaji kadi maalumu ya kampuni ya Number Nine. Baadaye Silicon Graphics ilitoa kiungio kilichoitwa MultiLink, kilichokiwezesha kupokea VGA na DVI. Anayenunua 1600SW leo bila kiungio hicho ananunua pambo la mezani.

Mfano mwingine ni T220 ya IBM ya mwaka wa 2001. Katika inchi 22.2 ilisheheni vitone 3840 kwa 2400, yaani zaidi ya milioni tisa, miaka mingi kabla ya runinga za 4K kufika sebuleni. Kuilisha vitone hivyo vyote kulihitaji kebo kadhaa kwa pamoja, huku kila moja ikichora sehemu yake ya kioo.

Hatari ndani ya kasha

Kazi yote iliyoelezwa hapo juu hufanyika nje ya kiwambo. Kukifungua ni jambo jingine kabisa. Neli ya rangi hutumia umeme wa takriban volti 25,000, na sehemu ya umeme huo yaweza kubaki ndani hata baada ya plagi kuchomolewa ukutani. Isitoshe, ndani ya neli hamna hewa, kwa hivyo ikigongwa inaweza kupasuka kwa kishindo na kurusha vipande vya kioo. Asiyefunzwa kazi ya runinga hapaswi kuondoa hata skurubu moja ya kifuniko.

Uzito nao si wa kupuuzwa. Kiwambo cha inchi 21 huwa na karibu kilo 30, na sehemu kubwa ya uzito huo iko mbele, kwenye kioo. Hubebwa na watu wawili, kioo kikielekea kifua cha mbebaji, na huwekwa juu ya meza imara.

Kuhusu umeme wa ukutani, kibandiko cha nyuma ndicho shahidi. Vingi vya viwambo hivi viliundwa kukubali kati ya volti 100 na 240, na hufanya kazi vyema kwenye umeme wa Kenya wa volti 240. Lakini vipo vilivyotengenezewa Marekani pekee, vinavyotaka volti 110 au 120. Kukichomeka kimojawapo moja kwa moja ni kukiua papo hapo.

Gharama na haki

Baada ya yote, mwenye kiwambo hana budi kupiga hesabu. Kiwambo kikubwa cha neli kinachotumia wati 125 hula uniti 1 ya stima kwa kila saa 8. Kioo bapa cha wati 25 hula uniti 0.2 kwa muda huo. Kikitumika siku 300 kwa mwaka, tofauti hiyo hufikia uniti 240. Kwa mwanafunzi au mfanyabiashara mdogo anayetaka tu kuandika barua na kusoma habari, kioo bapa kilichotumika ni nafuu zaidi, hata kama kile cha neli kilipatikana bure.

Kwa mwenye kupenda michezo ya kale, mwenye kuhifadhi mtambo wa zamani au msanii anayetaka kuona kazi yake kama ilivyoonekana ilipoundwa, hesabu ni tofauti. Neli hazitengenezwi tena kwa ajili ya viwambo vya tarakilishi, na kila moja inayopasuliwa hupunguza akiba isiyoongezeka.

Kuna pia suala la mazingira. Kioo cha neli kubwa huwa na kilo moja au zaidi ya madini ya risasi, yaliyowekwa humo ili kuwakinga watumiaji dhidi ya miale. Kiwambo kinapokuwa kizima, risasi hiyo imefungwa na haina madhara. Kinapovunjwa jalalani na wanaotafuta shaba, vumbi na vipande vyake hubaki ardhini, mahali ambapo watoto hucheza na maji hupita. Nchi wanachama wa Mkataba wa Basel zilipokutana Nairobi mwaka wa 2006 zilitoa azimio kuhusu taka za kielektroniki, nayo Kenya ikapitisha sheria ya usimamizi endelevu wa taka mwaka wa 2022, inayowabebesha wazalishaji sehemu ya mzigo huo.

Kwa sababu hiyo, kiwambo kilichoshindikana kisipelekwe jaani wala kupewa mtu wa kukivunja kwa nyundo. Kinafaa kufikishwa kwa wanaochakata taka za kielektroniki kwa utaratibu, kama vile kituo cha WEEE Centre jijini Nairobi. Na kabla ya kufikia uamuzi huo, kuna hatua moja isiyogharimu hata senti. Ni kukigeuza kiwambo, kufuta vumbi na kusoma kibandiko cha nyuma: jina la muundo, volti, umbo la plagi na idadi ya soketi. Kwa mambo hayo manne, fundi ataweza kuupata mwongozo wake na kueleza iwapo kinangoja kebo tu, au kimefika mwisho wa safari.